Hakuna Malalamiko Yaliyopokelewa

Kazi ya kuipima programu ile nilipewa mimi kwa sababu, kama alivyosema mkuu wa shule mbele ya walimu wote, mimi ndiye mtu pekee shuleni kwetu anayepiga mstari chini ya tarehe. Walimu walicheka. Wanafunzi wameniita Rula tangu mwaka wangu wa pili wa kufundisha, na wenzangu, ambao zamani walilitumia jina hilo nikiwa sipo, siku hizi hulitumia nikiwepo. Sikuwahi kulichukia. Nililiona kuwa ni sifa iliyovaa nguo za mzaha.

Programu yenyewe haikuwa na mafumbo. Shule huandika tangazo lake: nafasi za masomo, siku ya kutembelea maabara, sare mpya. Mwalimu au mzazi aliyejiunga hulipokea kwenye simu, hulisambaza kwa watu wake, na kwa kila mtu anayelifungua hupata pointi. Pointi zikitosha hugeuka zawadi: daftari, chupa ya maji, begi, mwavuli. Mtu wa kampuni, aliyekuja na tai nyembamba na tabasamu lisilopumzika, alitueleza kwamba watu huwaamini ndugu na marafiki kuliko mabango ya barabarani.

"Kwa hiyo ninyi ndio bango," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kidato cha kwanza kilikuwa kimepoteza mikondo miwili katika miaka mitatu, na sote tulijua kwamba mkondo ukifungwa, mwalimu naye hufungasha.

"Nakupa wiki mbili," mkuu wa shule aliniambia baadaye ofisini kwake. "Itumie mwenyewe, usiisikie kwa watu. Halafu niandikie ripoti. Ukisema inafaa, tunaichukua. Ukisema haifai, tunaagana nao kwa heri."

Nilichora jedwali. Lilikuwa na vipengele vitano, kila kimoja alama ishirini: urahisi wa kutumia, idadi ya watu wanaofikiwa, ukweli wa takwimu, thamani ya zawadi, na usumbufu kwa wapokeaji. Hicho cha tano hakikuwamo katika mwongozo wa kampuni, nilikiongeza mwenyewe. Nalitaja jambo hili si kwa kujisifu, bali kwa sababu ndilo linaloninyima pa kuuficha uso. Sikuwa mtu asiyejua mahali pa kutazama. Niliandika hata swali lake kwa wino mweusi: Je, wapokeaji wamelalamika?

Ili kusambaza, mtu anahitaji watu. Mimi nilikuwa na makundi matatu kwenye simu: wenzangu wa chuo cha ualimu, wakazi wa mtaa wetu, na familia. Kundi la familia nililianzisha baada ya msiba wa baba, pale ambapo kila ndugu alimpigia simu kila ndugu, na bado wawili walifika makaburini sisi tukirudi. Nikalitungia kanuni saba. Ya kwanza ilisema taarifa zote za ugonjwa, safari na shida ziandikwe kundini, si kupigiana simu mmoja mmoja. Ya pili ilisema asipigiwe mtu aliye kazini, hasa mwalimu, kwa kuwa mwalimu hapokei simu darasani. Ya nne ilisema kundi si soko, na matangazo ya biashara hayaruhusiwi. Kwa kanuni hiyo ya nne nilimtoa binamu yetu kundini mwezi mzima, kwa kosa la kutangaza viatu vya mitumba mara mbili. Aliporudi alikuwa mpole kama maji ya mtungini.

Aliyezishika kanuni zile kuliko wote alikuwa shangazi. Ndiye aliyenilea tangu darasa la nne, akanisomesha kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni, na ualimu wangu anauhesabu kuwa nusu ni wake. Alizinakili kanuni zote saba kwa mkono, akazibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati lake la nguo.

"Mwanangu kasema saa za kazi hapigiwi," aliwaambia watu. "Basi hapigiwi."

Siku ya kwanza nilisita kabla ya kulipeleka tangazo kwenye kundi la familia. Kisha nilijiambia kwamba haya ni majaribio, si biashara, na kwamba aliyeitunga kanuni anaweza kuisimamisha kwa wiki mbili kwa manufaa ya shule. Nikalipeleka. Katika kundi la chuo, mmoja aliniuliza kama nimeacha chaki nikafungua duka. Katika kundi la mtaa, watu watatu waliuliza habari za ada. Katika familia hapakuwa na neno. Siku ya pili kimya, siku ya tatu kimya. Nikaandika katika jedwali, mbele ya kipengele cha tano: hakuna malalamiko.

Kilichoniponza ni orodha ya washindi. Programu iliwapanga wasambazaji wote kwa pointi zao, na kila asubuhi orodha ile ilifunguka kabla ya kitu kingine chochote. Katibu muhtasi wa shule, ambaye naye alikuwa katika majaribio, alikuwa na ndugu wengi, majirani wengi, na wanakwaya arobaini. Alinipita siku ya nne.

"Rula," aliniambia akipita na mafaili kifuani, "leo umepimwa, ukaonekana mfupi."

Nilitabasamu kama watu wengine. Lakini mchana ule nilisambaza mara mbili, na kesho yake mara tatu. Ndipo nilipokigundua kitufe kilichoandikwa Sambaza kote. Ukikibonyeza, tangazo linaenda makundi yote kwa mpigo, nawe huna haja ya kufungua hata kundi moja. Katika urahisi wa kutumia nilitoa alama ishirini kwa ishirini.

Jumatano ya wiki ya pili, shangazi alikuwa hospitalini siku ya tatu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tulikuwa tumeambiwa ataruhusiwa Alhamisi. Kumfuata ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeandika katika shajara: Alhamisi, saa tisa, shangazi. Nilikuwa nimepiga mstari chini yake.

Asubuhi ile nilikuwa na kipindi huru. Nilikaa katika ofisi ya walimu na rundo la madaftari ya kusahihisha, simu ikiwa juu ya rundo. Katibu muhtasi alikuwa mbele yangu kwa pointi kumi na moja. Saa nne na robo lilikuja tangazo la sare, nikabonyeza Sambaza kote, nikarudi kwenye madaftari huku nikiitupia simu jicho. Kufikia saa saba nilikuwa wa kwanza.

Saa kumi na dakika kumi, nikiwa naelekea getini, dada alinipigia. Dada yangu mkubwa ni fundi wa kushona, na anaponiita Mwalimu, najua pana jambo.

"Uko wapi, Mwalimu?"

"Natoka shuleni."

"Njoo kwa shangazi."

"Si yuko wodini?"

"Nilimpelekea chakula wodini nikakuta kitanda kina mtu mwingine. Nimemwona getini, kwenye benchi. Kakaa pale tangu saa nne asubuhi. Njoo."

Chumba cha shangazi ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nilimkuta ameketi kitandani, jicho la kushoto limefunikwa kwa bendeji nyeupe, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Ilikuwa imevimba hadi alama za kamba za ndala zilionekana kama zimechorwa. Dada alikuwa amepiga magoti, akiikanda bila kuniangalia.

"Karibu, mwanangu," shangazi alisema. "Umeshatoka kazini? Pole na kazi."

Nilimwamkia. Nikauliza ilikuwaje.

"Daktari kapita asubuhi, kasema jicho limekaa vizuri, nenda nyumbani, kitanda kina foleni. Mimi herufi sizioni. Nikamwomba mlinzi wa getini aniandikie kundini. Kaandika vizuri tu, mtu mwema yule."

"Halafu?" dada aliuliza. Alikuwa ameshakisikia kisa chote. Alitaka nikisikie mimi.

"Halafu nikamuuliza, kuna aliyejibu? Kasema yupo mmoja, Mwalimu. Nikamwambia, haya soma, anasemaje? Kasema, anatangaza sare." Shangazi alicheka kidogo, akajishika karibu na bendeji kwa sababu kicheko kilimuuma. "Nikamwambia, huyo ndiye mwanangu, anamaliza kazi kwanza. Ameshaona. Jina lake limekuja chini ya langu, maana yake ameona. Mlinzi kasema, mama, nikuitie pikipiki? Nikakataa. Mtoto aje anikose, aanze kuhangaika wodi kwa wodi?"

"Jua lote lile," dada alisema. "Na jicho hilo."

"Nilikuwa nahama na kivuli. Benchi ni refu." Akaunyanyua mguu mmoja, akautazama kwa jicho lake moja, akaurudisha majini. "Msimsumbue Mwalimu. Alikuwa darasani. Watoto wa watu hawaachwi hivi hivi. Kanuni ya pili."

Wote wawili walinigeukia, mmoja kwa kunitetea, mwingine kwa kunipima. Pale palikuwa na nafasi ya sentensi moja tu, na niliijua. Badala yake nilisema:

"Jumatano nina vipindi vingi."

Ilikuwa kweli. Jumatano nina vipindi sita. Nimewafundisha watoto kwa miaka kumi na minne kwamba sentensi inaweza kuwa sahihi kwa kila hali na bado isijibu swali, na sikuwahi kufikiri kwamba somo lile nilikuwa nalitayarisha kwa matumizi yangu.

Dada alinifuata nje, akikausha mikono kwa kanga.

"Ulikuwa darasani kweli?"

Nilitoa simu mfukoni.

"Mimi nililizima mlio lile kundi tangu wiki iliyopita," alisema. "Simu inalia niko kwenye cherehani, nadhani kuna habari ya shangazi, kumbe maabara yenu. Kaka naye kazima. Binamu ndiye wa kwanza, alizima siku ya pili tu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie wewe?" Dada aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Binamu alisema, mwenye kanuni zake kazivunja, sasa nani aende akamshitaki, na kwa nani? Tukacheka, tukazima. Leo nimeenda hospitali kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya chakula. Isingekuwa zamu yangu, sijui."

Alirudi ndani. Nilisimama ukutani nikafungua kundi la familia, kwa mara ya kwanza katika siku nne. Ujumbe wa shangazi ulikuwa wa saa nne na dakika kumi na mbili. "Nimeruhusiwa leo. Niko benchi la getini. Jicho limefungwa sioni njia. Mwenye nafasi anifuate. Ni mimi shangazi." Chini yake, dakika tatu baadaye, palikuwa na jina langu, picha ya wanafunzi wawili wanaocheka, na maneno kwa herufi kubwa: SARE MPYA ZIMEWASILI. Chini ya hapo hapakuwa na kitu.

Programu ina ukurasa unaoonyesha kila kundi limeleta nini. Niliufungua pia, kwa kuwa mkono uliozoea kuhakiki hauachi. Katika kundi la familia, tangazo la siku ile lilifunguliwa na simu moja, saa nne na dakika kumi na saba. Mlinzi alikuwa amemsomea. Shangazi alikuwa amenipa pointi.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi ndani papo hapo nikakiri. Sikukiri. Niliingia tu kuaga, nikasema nina madaftari.

Ijumaa katibu muhtasi alinikabidhi zawadi ya mshindi wa majaribio mbele ya walimu: mwavuli wa buluu wenye nembo ya shule, mkubwa, wa kuwatosha watu wawili. Nilitembea nao hadi kwa shangazi. Daktari alikuwa amemkataza jua, na nilijiambia kwamba kitu kilichopatikana vibaya kinaweza kutumika vizuri. Shangazi aliufungua mle mle chumbani, ukagusa pazia upande huu na kabati upande ule.

"Umeununua?"

"Nimepewa kazini."

"Kwa kufanya vizuri?"

"Ndiyo."

Akautoa nje mlangoni, akamwita jirani aliyekuwa anaanika nguo. "Njoo uone. Mwenye mtoto mwalimu halowi wala haungui."

Jirani aliusifia. Mimi nilisimama nyuma ya shangazi, na mlango wa kabati ulikuwa wazi, na kanuni saba zilikuwa usoni pangu kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima. Uso umeumbwa na haya, husema watu. Wangu ulikuwa wa moto mpaka masikioni.

Jumapili mchana niliandika ripoti. Urahisi, ishirini. Watu wanaofikiwa, kumi na saba. Takwimu, kumi na saba. Zawadi, kumi na sita. Usumbufu kwa wapokeaji, alama kumi na nane, na maelezo: Hakuna malalamiko yaliyopokelewa. Jumla, themanini na nane. Nikapiga mstari chini yake. Hii nayo ilikuwa kweli, neno kwa neno.

Jumatatu saa nane tulikutana ofisini kwa mkuu wa shule: yeye, katibu muhtasi wa kuandika muhtasari, mwalimu wa kemia kwa niaba ya walimu, na mimi. Mkataba wa kampuni ulikuwa mezani, kalamu ikiwa juu yake. Nilisoma kwa sauti ya darasani, kipengele kwa kipengele. Nilipofika kwenye zawadi, katibu muhtasi alisema bila kuinua macho:

"Naandika pia kwamba Rula kachukua mwavuli, sisi tuliobaki tunyeshewe."

"Mwavuli wenyewe yuko nao shangazi yake," mwalimu wa kemia alisema. "Nimemwona sokoni nao, anautembeza kama bendera. Anasema kapewa na mwanawe kwa kufanya kazi vizuri."

Wakacheka, hata mkuu wa shule. Kilikuwa kicheko cha watu wema. Nilitazama mstari uliofuata na sikuweza kuusoma.

"Endelea, Mwalimu," mkuu alisema.

"Hiki nimekisahihisha vibaya."

Nilichukua kalamu nyekundu mfukoni, nikaikata kumi na nane, nikaandika sifuri. Jumla ikawa sabini. Kisha nikaeleza. Nilieleza kwa mpangilio, kwa kuwa sijui njia nyingine: kanuni ya kwanza, ya pili na ya nne, kitufe, kipindi huru, benchi, saa. Niliwasomea ujumbe wa shangazi kutoka kwenye simu, na chini yake nikawasomea wangu. Mwalimu wa kemia alianza kutafuta kitu katika mifuko yake ambacho nadhani hakikuwamo.

"Hawakulalamika," nilisema, "kwa sababu ni watu wanaoniheshimu. Walinyamaza, wakazima mlio. Mimi nikaandika kimya chao kuwa ni ridhaa. Na siku ile nilibonyeza kwa sababu ya pointi kumi na moja."

Mkuu wa shule aliivuta ripoti, akaitazama ile sifuri kwa muda.

"Nakuhurumia," alisema. "Lakini shule inahitaji wanafunzi. Siwezi kuandika kwenye muhtasari kwamba programu ina kosa la mtu aliyeibonyeza."

"Andika kwamba aliyeibonyeza ndiye aliyetumwa kuangalia kosa hilo, na hakuliona. Nao wazazi hawajatumwa kuliangalia."

Mkuu alichukua kalamu iliyokuwa juu ya mkataba, akaifunika, akaiweka pembeni. "Tutalizungumza muhula ujao," alisema, na sikujua kama alikuwa ameamua au ameahirisha. Katibu muhtasi alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ametoa simu yake, akipekua makundi yake moja baada ya jingine, midomo ikisoma bila sauti.

Jioni nilikwenda kwa shangazi. Bendeji ilikuwa imetolewa, na alinitazama kwa macho mawili, jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimwambia kwamba siku ile sikuwa darasani. Nilimwambia kwamba sikuuona ujumbe wake, kwamba jina langu lilifika chini ya lake bila mimi kufika, na kwamba mwavuli ni zawadi ya kutangaza, likiwemo tangazo lile la sare.

Alikunjua na kukunja ncha ya kanga.

"Kwa hiyo hukuwa umeona," alisema hatimaye.

"Sikuwa nimeona."

"Mimi nilikaa pale nikijua umeona." Alisema taratibu, kama mtu anayerudi benchini kukaa upya. "Ndiyo maana sikuchoka sana."

Niliomba radhi. Alisema amenisamehe, na sauti yake ilikuwa ya kweli, lakini hakuniita mwanangu. Aliuliza kama nimekula. Kisha akanyanyuka, akautoa mwavuli nyuma ya mlango, akanipa.

"Nenda nao," alisema. "Nimeshawaambia watu ni wa kazi nzuri. Siwezi kuzunguka tena kuwaambia vingine."

Nilitembea nao mtaa mzima, umefungwa, na jua lilikuwa bado kali.

Kesho yake, Jumanne, kipindi cha tatu, nilikuwa nikiandika ubaoni. Katika meza yangu mna mtoto wa meza, droo ya kuwekea simu ninazowanyang'anya wanafunzi, na wanajua hairudi simu hadi mwisho wa muhula. Simu yangu ikalia mfukoni. Sikuwa nimeizima, tangu Jumatano sikuizima tena. Darasa zima likainua vichwa. Nilitazama jina. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kunipigia saa za kazi.

Nikaweka chaki chini, nikapokea.

"Shikamoo, shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu." Nyuma yake nilisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo. "Nimepiga tu nione kama utapokea."

Wanafunzi arobaini na wawili walikuwa wakinitazama, na wa mstari wa mbele alikuwa amefungua mdomo.

"Nimepokea," nilisema.

"Haya. Fundisha."

Akakata. Nilisimama na simu mkononi, nikiwa sijui pa kuiweka, mpaka sauti moja kutoka nyuma, ya adabu kabisa, ikasema:

"Mwalimu, mtoto wa meza uko wazi."

Niliiweka humo pamoja na zao, mlio ukiwa juu, nikaiacha droo wazi.